Mpungate "wa baridi" wa elfu 15 hapa Mtwara: nyota tatu, mbili kati ya hizo ni za mzee wa kumwagilia

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka asimalize bando: tatu kati ya tano. Moja ya miche, mbili za mzee anayemwagilia pale, kijana muuzaji hana hata moja na akisoma hapa atajijua. Jina la kitalu silitaji, ni kimojawapo cha vile vya barabarani hapa Mtwara mjini, viriba vimepangwa mpaka kwenye mtaro.

Ilivyoanza. Dada yangu anaishi Minnesota, Marekani, kule juu karibu na Kanada ambako theluji inakaa miezi. Mwaka jana mwezi wa sita akanipigia video anionyeshe bustani yake, mara naona mipungate. Mipungate kabisa jamani, dungusi kakati, tena imechanua maua ya njano makubwa. Nikajua ananitania, kaktasi na theluji wapi na wapi? Akasema hiyo haiingizwi ndani hata siku moja, inalala nje na baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, na wala sio maajabu ya bustani yake peke yake maana porini huko ipo. Kuna moja ndogo inaitwa Opuntia fragilis imepanda kaskazini mpaka bonde la mto Peace, British Columbia na Alberta huko, na hii ya kwake, Opuntia humifusa, inapatikana mpaka kusini mwa Ontario. Mi hapa Ligula upepo wa kusi ukivuma Julai najifunika shuka mbili.

Basi roho ikataka. Mwezi wa kumi na moja nikaenda kitaluni, nikamuuliza kijana kama ana mpungate. "Ipo dada'angu, unataka ya kawaida au ya baridi?" Nikashtuka, ya baridi? Akatoa simu akanionyesha picha, kaktasi iko kwenye theluji kama ile ile ya dada. "Hii Ulaya wanaipanda kwenye barafu. Sasa kinachovumilia baridi kitashindwa nini?" Ya kawaida elfu tano, ya baridi elfu kumi na tano. Na mimi na akili zangu timamu nikaona ana pointi, yani mtu anaishi Mtwara, mji ambao Desemba umeme ukikatika familia nzima inahamia sakafuni, anaongeza elfu kumi kwa ajili ya baridi. Akaniongezea na kiroba cha samadi elfu tatu, akaniambia changanya nusu kwa nusu na udongo, maji asubuhi na jioni, utakuja kunishukuru. Akasema na miba haina. Nikaulizia kama naweza kumtumia dada kipande, akajibu haraka haraka eti wao wanafungasha hata za kupeleka nje. Ya hati ya afya ya mimea hakuigusa, wala kwamba mambo hayo unaanzia TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, sio kwenye boksi la viatu na gundi.

Nikapanda uani, pembeni ya bomba, nusu samadi kama alivyosema. Wiki za mwanzo ilipendeza kweli, imesimama imeshiba, na mimi kila jioni na ndoo yangu. Desemba mvua zikaanza, zikakaza, na udongo wa pale uani ni ule mwekundu wa kushikana, ukilowa unalowa. Katikati ya Januari nikaona shina la chini limekuwa jeusi. Nikaligusa kidole kikazama. Kabisa, kikaingia kama kwenye papai lililopitiliza, na harufu ikatoka nikarudi nyuma. Juu bado kijani, chini uji. Kesho yake ikaanguka yenyewe.

Nikaichukua na kiriba chake mpaka kitaluni. Kijana anaitazama, anatikisa kichwa, "Dada hii ni ya baridi, joto la huku ndo limeiua." Naomba mrudie kusoma hapo. Anayeniambia kinachovumilia baridi hakishindwi na kitu ni huyu huyu. Nikauliza hela yangu, akasema mimea haina garantii. Sawa, kwa mche ulioharibikia nyumbani kwangu sina ugomvi sana, ila angenyamaza tu basi.

Sasa wakati naondoka na hasira zangu, mzee anayemwagilia akaniita pembeni. Nikampa shikamoo, akaitikia, akachukua ule mpungate, akachomeka kidole kwenye samadi iliyobaki, akaufinya ule udongo maji yakachuruzika. "Mwanangu, hii umeizamisha. Hii hapewi chakula, hapewi maji, mwache na njaa yake." Akanionyesha vile vipande vya juu vilivyokuwa bado vizima, akaniambia kata kwa kisu kikali, ndani ukiona kuna wekundu au hudhurungi kata tena mpaka ukute kijani safi, halafu usipande, weka kivulini mpaka pale ulipokata pakauke pawe pagumu kama kidonda kilichopona. Hajaniomba hata mia. Nyota zake mbili ni hizo.

Usiku nikampigia dada, saa nne huku kwangu ni saa saba mchana kwake. Nikamsimulia, akacheka mpaka akatoka nje na simu, kavaa koti kama godoro. Akapangua theluji kwa glavu. Nilichokiona nikamwambia pole dada na ya kwako imekufa, maana ilikuwa imelala chini, imesinyaa, ina zambarau ya bilinganya lililokaa wiki sokoni. Akasema hapana, hivyo ndivyo inavyolala. Baridi ikianza kuingia taratibu inajipunguza maji yenyewe, inajikunja makunyanzi, inajilaza chini, na utomvu unaobaki ndani unakuwa mzito kama shira kwahiyo haugandi kirahisi ukaipasua. Theluji ikiifunika ndio imepata blanketi, upepo mkali hauifikii. Mwezi wa tano inaanza kunyonya maji na kunyanyuka, wa sita inachanua, ua moja siku moja tu linafunga.

Nikamuuliza sasa hiyo huko inauawa na nini? Akanijibu: maji. Ya kwanza aliipanda kwenye udongo wa mfinyanzi, shemeji akaelekeza bomba la paa hapo hapo, theluji ikiyeyuka maji yanasimama, ikaoza hata kabla baridi yenyewe haijakolea. Ya pili akainulia tuta, mchanga mwingi na kokoto ndogo, samadi hakuna, akaiweka ukuta wa kusini kwa sababu kwao jua la kipindi cha baridi linapita upande wa kusini. Hiyo ndo inadunda mpaka leo. Yani yeye yuko kwenye barafu mi niko kwenye jasho, na mipungate yetu imekufa kifo kimoja. Mzee wa kitaluni hajawahi kuona theluji maisha yake lakini alichoniambia asubuhi ndicho dada alichokuja kuniambia usiku.

Na kuhusu "ya baridi", nilimwonyesha dada kile kipande kizima, akasema hiyo sio. Za kwake kila kipande, ambacho tunaita jani kumbe ni shina, ni kama kiganja cha mtoto na zinatambaa chini. Ya kwangu kipande kimoja saizi ya kandambili ya shemeji na ilikuwa imesimama wima. Hiyo ni ya nchi za joto, ukiipeleka kwake usiku mmoja wa kuganda vizuri inageuka uji. Nikarudi kuangalia picha nilizopiga siku ya kununua, na nyuma yangu safu ya elfu tano inaonekana: mimea ile ile. Tofauti ni kiriba kipya.

Haya tuje kwenye "haina miba". Miba mirefu kweli haina. Ila pale kwenye vidoadoa kuna vinyweleo vya rangi ya dhahabu, vidogo kuliko vya mua, vina vindoano kwenye ncha, na vinachomoka kwa kugusa tu. Nilikata bila glavu. Siku mbili sikuweza kushika hata tonge la ugali, kila nikikunja kidole nahisi kitu na nikiangalia sioni kitu. Kilichonisaidia ni solotepu, unabandika unabandua, unabandika unabandua, halafu vilivyobaki kibanio cha nyusi kwenye mwanga wa tochi ya simu. Usijifute kwenye kanga. Mi nilijifuta, na kanga ile mpaka leo siivai.

Vipande vitatu niliviweka barazani wiki tatu, maana Januari hewa ya huku ni mbichi, wiki moja haitoshi. Vikasinyaa kidogo nikaogopa, nikakumbuka ile ya dada nikatulia. Nikachukua beseni bovu lililopasuka, nikaongeza matundu, mchanga wa mtoni na kokoto zilizobaki kwenye ujenzi wa choo, nikavizamisha robo tu vikasimama. Beseni liko chini ya bati, mvua hailifikii. Maji sikutia mpaka Machi, nilipovuta kimoja taratibu kikagoma kutoka, ndo nikajua mizizi imeshika. Kimoja kilikufa. Viwili vipo, na kimoja mwezi wa sita kimeota kitoto juu kama sikio la sungura.

Mabaki yaliyooza sikutupa jalalani, niliyakausha nikayachoma. Kipande kimoja kikidondoka kwenye udongo kinaota, na kule Laikipia, Kenya mipungate imejaa kwenye malisho mpaka wafugaji wanalia, tembo na nyani wanakula matunda wanasambaza mbegu, ikabidi waletewe kidudu maalumu cha kuishambulia. Kaktasi sio za kwetu, karibu zote asili yake ni bara la Amerika, kwahiyo huku adui zake wengi hawapo. Panda uani kwako, ikae uani kwako.

Kitalu chenyewe sasa, maana hii ni rivyu ya kitalu. Miche ya matunda ni mizuri, nimechukua mwembe wa kubebesha na ndimu mbili, zote zimeshika. Viriba vinajaa udongo mzuri, hawapunji. Bei zinapungua ukiongea. Maua ya ndani sijui, sijanunua. Kaktasi zao ni nzima kabisa, nunua ya elfu tano, na ukiambiwa ya baridi, ya Ulaya au ya jangwani angalia kwanza safu ya nyuma kama hakuna pacha wake. Samadi waachie wenye mchicha.

Nendeni asubuhi kabla ya saa tatu, mzee anakuwepo na mpira wake. Jioni ni kijana peke yake.