Kombora la AIM-120 katika War Thunder: Tathmini ya Mchezaji

Hadi katikati ya mwaka 2024, aliyerusha ndege za kivita za kisasa katika War Thunder, mchezo wa kompyuta wa kampuni ya Gaijin Entertainment, alibanwa na sharti moja gumu: akishafyatua kombora linaloongozwa na rada, ilimpasa kuendelea kumwelekea adui mpaka kombora lifike. Sasisho la Juni mwaka huo, lililoitwa Seek & Destroy, liliwaletea wachezaji wanaorusha ndege za Marekani kombora la AIM-120, na mataifa mengine yakapewa makombora ya aina hiyo hiyo. Nimelitumia kwa muda wa kutosha kusema kwamba ndilo badiliko lililougusa mchezo huu kwa kina kuliko ndege yoyote mpya iliyoongezwa tangu nianze kuucheza.

Ili mtu aone uzito wa badiliko lenyewe, ni vizuri alifahamu kombora lililotangulia. AIM-7 Sparrow haliwezi kumtafuta adui peke yake. Ndege iliyolifyatua lazima immulike adui kwa rada, nalo kombora hufuata mwangwi unaorudi, na rubani akigeuka mapema mwangwi hukatika na kombora hupotea. AIM-120, lililoanza kutumika katika jeshi la anga la Marekani mwaka 1991, limebeba rada yake ndogo kichwani. Huondoka likiwa na makadirio ya mahali adui atakapokuwa, hupokea marekebisho kutoka kwa ndege iliyolituma, na likikaribia huwasha rada hiyo na kumalizia kazi lenyewe. Vitani lilipata ushindi wake wa kwanza tarehe 27 Desemba 1992, pale F-16 ya Marekani ilipoiangusha MiG-25 kusini mwa Iraki. Ni kweli kwamba mchezo ulikuwa na kombora la namna hii tangu Oktoba 2022, yaani AIM-54 Phoenix la ndege ya F-14, lakini lile lina uzito wa takriban kilo 450, lilibuniwa hasa kwa ajili ya ndege kubwa za mabomu, na ndege nyepesi hulikwepa bila taabu kubwa.

Juzi usiku nilikuwa na F-16C katika kimo cha mita 8,000 hivi, rada ikifuatilia ndege mbili huku ikiendelea kupekua anga. Nilifyatua kwa ile ya karibu ilipofika kilomita 30, kisha nikageuza pua takriban nyuzi 50 kuelekea kusini, ili adui abaki ukingoni mwa rada yangu nami nipunguze kasi ya sisi wawili kukaribiana. Nikaanza kuhesabu sekunde kimoyomoyo. Zamani sekunde hizo zilikuwa za kungoja tu. Sasa kila moja ina uamuzi ndani yake, kwa sababu nikiendelea kulisaidia kombora langu naingia ndani zaidi ya uwezo wa kombora lake, na nikimpa mgongo mapema langu linabaki na makadirio ambayo huenda yamekwisha kupitwa. Nilivumilia kidogo, nikageuka, nikashuka, na ndipo mlio wa onyo ukaanza masikioni: kombora la adui lilikuwa limewasha rada yake.

Hapo ndipo waundaji wanapostahili sifa zangu za dhati. Kombora hili halikufanywa rungu la uchawi. Injini yake huwaka kwa sekunde chache, na baada ya hapo linasafiri kwa kasi iliyobaki, hivyo kila kona unayolilazimisha kukata inalidhoofisha. Ukilikimbia lingali mbali, hufika limechoka. Ukiligeuzia ubavu kwa nyuzi 90, kasi yako ya kulikaribia hulingana na ya ardhi iliyo nyuma yako, na rada inayochuja ardhi hukuchuja nawe pamoja nayo, hasa ukimwaga wakati huo huo vile vijipande vya metali vinavyorudisha mwangwi wa uongo. Kosea nyuzi chache tu na umekwisha. Sijaona mchezo mwingine wa bure unaomfundisha mtu jambo hili vizuri kiasi hicho.

Makombora yanayoshindana nalo nayo yana tabia zake. R-77 la Urusi, lenye mapezi ya wavu, hugeuka kwa ukali lakini hupoteza kasi haraka kwa mbali. MICA la Ufaransa ni la kuogopwa sana karibu. Tofauti hizo ninazipenda, kwa maana zinamlazimu mchezaji kujua nani yuko mbele yake.

Kasoro ninayoiona ni ya uwanja, si ya kombora. Pambano linaweza kuwa na wachezaji 32, wote wakipaa kwa wakati mmoja na kuelekea katikati, kiasi kwamba uvumilivu nilioueleza hupotea ndani ya mvua ya makombora dakika ya tatu au ya nne. Wengi hujificha karibu kabisa na ardhi, ambako mawimbi yanayodunda chini huchanganya rada ya kombora. Nafasi pana zaidi na timu ndogo zingelitendea haki. Tena, ndege haiji na silaha zake zote. Mchezaji huzifungua hatua kwa hatua kwa pointi za utafiti, na anayekutana na AIM-120 huku yeye akiwa bado na Sparrow yuko katika hali ngumu ambayo ustadi pekee hauitatui.

Kwa anayetaka kuanza, mchezo ni wa bure na kuna safari ya majaribio ambamo unaweza kujifunza rada bila kusumbuliwa na mtu. Jifunze kwanza kubadilisha hali za rada kwa vidole bila kutazama kibodi. Kisha tafuta vipokea sauti vya masikioni vilivyo vizuri, hata kabla ya kufikiria jostiki, kwa sababu ule mlio wa onyo hukupa sekunde chache mno za kugeuza ubavu.