Mashine ya betri ya kubana lagi: msiuamini ule mlio!

Asalaam aleikum watazamaji, karibuni tena. Mezani ninayo ile mashine ya betri ya kubana lagi, vile vipande vya shaba vya kwenye ncha ya kebo ya umeme, volti 18. Inabana mpaka saizi gani, ina tani ngapi, hayo yameandikwa kwenye boksi, siyarejei. Leo nataka kichwa tu, maana kichwa hiki kinaniudhi mno.

Betri nje kwanza. Swichi ikiguswa kwa bahati mbaya, chuma hiki hakichagui kidole wala lagi.

Sogeza kamera. Mnaiona pini hii inayofunga kichwa? Mashine ilikuwa Paje, kazi ya hoteli, na pini imeshakuwa ya kahawia. Upepo wa pwani unaingiza chumvi mpaka ndani ya sanduku. Kwa bei hii, jamani, walishindwa kuweka pini isiyoshika kutu? Sikilizeni ninavyoivuta. Inakwaruza! Haya, natoa dai zote mbili, yaani vyuma viwili vya kichwani vinavyoikandamiza lagi. Tazameni hapa chini ya dai: chenga za shaba zimechanganyika na mchanga.

Chenga hizi ndizo zinazoharibu kazi. Mashine ikifika presha yake inalia "tak" na kurudi yenyewe, na fundi anaridhika. Lakini mlio ule unasema presha imefika, hausemi dai zimekutana. Dai ikikaa juu ya uchafu haikai sawa, lagi inabanwa nusunusu, kisha mzigo ukipanda kiungo kinapata moto mpaka mpira wa kebo unaungua. Kwa hiyo angalia kwa jicho kila unapobana: dai zigusane, mwanga usipite katikati.

Napiga mswaki mkavu, nafuta kwa kitambaa, halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Tone moja! Yanayozidi nayafuta, la sivyo yanakamata mchanga. Maji, hapana kabisa.

Najua watu wa ile ya kupampu kwa mkono mtaniandikia. Na kweli, bei ya hii pale Darajani unapata ya mkono na chenji inabaki. Kama lagi zako ni mbili tatu kwa mwezi, chukua ya mkono, mimi sikukatazi. Lakini juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika kebo nene, hapo naipenda hii kuliko zote.

Wa Wete mlioniuliza kuhusu betri: msiiweke ikiwa tupu, msiiache garini juani. Ikikaa muda mrefu, iwe na chaji nusu, mahali pakavu. Video ya sola inakuja, jiungeni na chaneli msipitwe.

Na ukiona pistoni imelowa mafuta, usiifungue nyumbani. Sili ya ndani, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, inazuia presha ya baa 700 hivi, wakati gurudumu la gari ni baa mbili na kidogo. Mpelekee fundi wa haidroli, na dai zake umpe, aijaribu kwa lagi mbele yako.