Cheni ya taimingi inalia: tensiona tu au seti nzima?

Kwanza weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava la mbele, sikio kwenye mpini. Nozeli za dizeli nazo hugonga, zikadanganya wengi. Cheni ikilia sekunde 2 au 3 asubuhi kisha ikatulia, jaribu oili mpya na tensiona, yaani kifaa kinachokaza cheni. Ni nafuu, na baadhi ya injini hazihitaji kufunguliwa kava. Ila kelele ikibaki injini ikiwa ya moto, au mashine ya kupima ikasoma P0016 (kodi ya krenkishafti na kamshafti kutolingana) na sensa ni nzima, mara nyingi cheni imerefuka: badilisha cheni, gia na gaidi zake, yaani reli zinazoiongoza. Gereji za Ilala utasikia, “Weka tensiona tu, bosi.” Mimi nakataa. Cheni ikiruka meno, kwenye injini nyingi valvu zinaweza kugonga pistoni.