Scrum au Kanban: ipi kwa timu ipi?

Scrum na Kanban ni njia mbili za kupanga kazi ya timu, hasa ya wasanidi programu. Scrum hufunga kazi ndani ya sprinti, kipindi kisichozidi mwezi mmoja. Timu nyingi huchagua wiki 2. Kuna mmiliki wa bidhaa anayepanga vipaumbele, kikao cha kila siku cha dakika 15, na mwishoni wadau huonyeshwa kilichokamilika. Kanban, iliyotokana na mfumo wa kadi wa viwanda vya Toyota, haina sprinti wala vyeo vipya. Ina ubao, safu (kila moja ni hatua ya kazi), na kikomo cha kadi kwa kila safu; kadi moja ni kazi moja.

Kikomo ndicho roho yake, na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Ubao usio nacho ni orodha ya kazi iliyopambwa tu. Safu ya majaribio ikiwekewa kikomo cha 3, kadi ya 4 haiingii: msanidi programu aliyemaliza yake huenda kusaidia kujaribu, haanzishi kazi nyingine.

Bidhaa mpya yenye lengo linaloeleweka? Scrum. Dawati la msaada, ambako hitilafu huingia saa yoyote? Kanban, maana mpango wa sprinti uliofanywa Jumatatu huwa umeshavurugika Jumatano.

Timu inayojenga na kukarabati kwa wakati mmoja ichanganye: ibaki na kikao cha Scrum cha kujitathmini kila wiki 2, ichukue vikomo vya Kanban, na ipange upya pale tu kadi zilizo tayari kuanza zinapopungua, tuseme chini ya 4. Kosa la kawaida ni kufuta kikao hicho kwanza, eti kinapoteza muda. Kikifutwa, vikomo vilivyokadiriwa vibaya hubaki hivyo hivyo, na watu huanza kuvivunja kimyakimya.