Breki za kiwandani na breki za Brembo kwenye Forester XT: tathmini baada ya miezi minane

Subaru Forester XT ya mwaka 2004 ni gari ambalo kwa kulitazama halimtishi mtu. Limekaa kama gari la kupelekea watoto shule, lakini chini ya boneti yenye mdomo wa kuvutia hewa kuna injini ya lita mbili yenye turbo, ambayo kwa toleo la Japani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 220. Langu nimelitumia kwa miaka kadhaa hapa Dar es Salaam nikiwa na breki zilezile lilizotoka nazo kiwandani, hadi nilipoamua kufunga mbele kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) na diski za Brembo za Impreza WRX STI, toleo la kasi la Subaru Impreza. Seti zote mbili nimezijaribu kwenye gari lilelile, kwa matairi ya aina ileile na, jambo ambalo wengi hulisahau, kila seti ikiwa na pedi mpya na mafuta mapya ya breki.

Sharti hilo la mwisho nimelisisitiza kwa sababu sifa nyingi zinazotolewa kwa breki kubwa hazina ulinganisho wa haki ndani yake. Mtu anatoa pedi zilizobaki unene wa shilingi, diski zenye makorongo na mafuta yaliyokaa miaka sita, anafunga kalipa nyekundu zinazong'aa nyuma ya rimu, kisha anawaambia wenzake kwamba sasa ndiyo gari linasimama. Lingesimama hata kwa pedi mpya peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote cha gharama, nililipeleka gari kwa fundi wangu wa Ilala na kumwomba azirudishe breki za kiwandani katika hali yake.

Kalipa ya mbele ya kiwandani katika gari hili ina pistoni mbili, zote upande wa ndani, na mwili wake huteleza juu ya pini mbili ili pedi ya nje nayo ibane diski. Ni mpango mzuri na wa bei nafuu, ila unategemea pini hizo ziteleze kweli. Katika mji wenye vumbi, madimbwi ya masika na hewa ya chumvi, mipira ya pini ikichanika tu, kutu inaingia na pini inaganda. Gurudumu langu la mbele kushoto lilikuwa limefikia hapo: pedi ya ndani ilikuwa imekaribia chuma, ilhali ya nje ilikuwa bado nusu nzima. Fundi alinionyesha zote mbili kiganjani bila kusema neno. Mafuta yaliyotoka wakati wa kutoa upepo kwenye mfumo wa breki yalikuwa na rangi ya kahawa ya kijiweni, wakati mafuta mapya hukaribia kuwa maji ya dhahabu.

Suala la mafuta linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewani, na maji yakishaingia, kiwango cha joto ambacho mafuta huanza kuchemka hushuka. Kiwango cha chini kinachotakiwa kwa DOT 4 ni nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa makavu, na nyuzi 155 yakiwa yamenyonya maji. Kwa DOT 3 ni 205 na 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kirahisi, tofauti na mafuta. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi chini, na gari linaendelea na safari yake. Kwa unyevu wa Dar es Salaam sioni sababu ya kuyaacha mafuta yapite miaka miwili, wala ya kununua chupa iliyokwisha kufunguliwa na kukaa rafuni dukani, hata kama muuzaji anaipunguzia bei.

Baada ya usafi huo, pini zenye grisi mpya, pedi mpya za daraja la kawaida, diski mpya za milimita 294 na mafuta ya DOT 4, gari lilikuwa jingine. Nililijaribu upande wa Kigamboni, katika mradi wa viwanja ambao barabara zake za ndani zimewekwa lami ilhali nyumba bado hazijajengwa, kwa ruhusa ya msimamizi na asubuhi mapema. Nilisimama kwa nguvu zote kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mara kumi mfululizo, nikiweka jiwe kando ya barabara mahali pa kuanzia kukanyaga na kumwachia kijana wangu kazi ya kupiga alama ya chaki pale gurudumu la mbele liliposimama.

Mara nne za kwanza alama za chaki zilikaribiana sana, na kila mara ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, ilifanya kazi, pedali ikitetemeka chini ya mguu. Tetemeko hilo lina maana kubwa kwa mtu anayefikiria kununua breki kubwa. ABS ikiingia, maana yake breki tayari zina nguvu kuliko uwezo wa matairi kushika lami, na kuanzia hapo kuongeza nguvu ya kalipa hakupunguzi umbali wa kusimama hata kwa hatua moja. Breki husimamisha gurudumu. Gari husimamishwa na tairi.

Mambo yalibadilika kuanzia mara ya sita. Harufu ya pedi zilizoungua iliingia ndani ya gari, alama za chaki zikaanza kusogea mbele, na ABS haikuingia tena hata nilipokanyaga kwa mguu mzima. Pedali yenyewe ilibaki ngumu, dalili kwamba mafuta yalikuwa hayajachemka na kwamba tatizo lilikuwa katika pedi kuzidiwa na joto. Ni vizuri dereva azijue dalili hizi mbili: pedali ngumu isiyosimamisha gari ni pedi, pedali inayozama kama sifongo ni mafuta au upepo.

Joto hilo lina hesabu yake. Nishati ambayo breki zinapaswa kuigeuza joto hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo gari la uzito wa kilo 1,500 pamoja na dereva likitembea kilomita 100 kwa saa linabeba takriban kilojuli 580, mara nne ya zile linazobeba likiwa kwenye kilomita 50. Anayeishi ndani ya kikomo cha kilomita 50 za mjini, akitoka Mwenge kwenda Tegeta kwa mwendo wa foleni, hawezi kuzichosha breki za kiwandani zilizo nzima. Anayekimbia barabara kuu akiwa na abiria wanne na mizigo yuko katika hesabu nyingine kabisa.

Hapo ndipo Brembo wanapoingia. Kampuni hii ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1961 karibu na Bergamo, ndiyo iliyowatengenezea Subaru breki za STI za kizazi hicho. Kalipa ya mbele ina pistoni nne, mbili kila upande wa diski, na mwili wake haukai juu ya pini za kuteleza, kwa hiyo ule ugonjwa wa pini kuganda haupo. Diski yake ina kipenyo cha milimita 326 na unene wa milimita 30, dhidi ya 294 na 24 za kwangu. Ukubwa wa kipenyo hufanya kazi kama spana ndefu kwenye nati ngumu: mkono uleule, nguvu zaidi. Lakini faida kubwa kwangu iko kwenye wingi wa chuma, maana diski nzito huchukua joto jingi kabla ya kupata moto wa kuziunguza pedi.

Kununua ni mtihani. Mji umejaa vifuniko vya plastiki vyekundu vyenye jina la Brembo ambavyo hubandikwa juu ya kalipa ya kawaida, na hivyo angalau havimdanganyi mtu akivigusa. Hatari zaidi ni kalipa halisi zilizopakwa rangi upya ili kuficha ukuta uliopasuka au pistoni zilizolika kutu. Nilikataa seti mbili za mtumba Kariakoo kabla ya kupata ya tatu, na hiyo ya tatu niliitaka ifunguliwe pistoni zote mbele yangu. Mtego mwingine uko kwenye diski: Forester hii ina boliti tano kwenye duara la milimita 100, wakati Impreza STI kuanzia modeli ya 2005 ilihamia duara la milimita 114.3. Kalipa za hiyo mpya zitafaa, diski zake hazitaingia. Tena rimu za inchi 16 hazifuniki kalipa hizi. Inabidi kuwa na 17 ambazo umbo lake la ndani linaruhusu, na matairi yake. Nilipojumlisha yote, rimu na matairi vilinigharimu zaidi ya breki zenyewe.

Kufunga nako kulinifundisha. Fundi wangu alikuwa safarini, nikaenda gereji nyingine ambayo sitaitaja. Walifunga kwa saa mbili, wakatoa upepo, wakatoa tena, pedali ikabaki laini. Kijana aliyekuwa akikanyaga pampu akaniambia, "Bosi, hizi za Brembo ndivyo zilivyo, utazizoea." Niliinama nikatazama kupitia rimu, nikaona nipeli za kutolea upepo zimekaa chini. Kalipa ya kulia ilikuwa kushoto na ya kushoto kulia. Upepo hupanda juu, na huko juu hakukuwa na tundu la kuutolea. Wangeweza kupampu hadi magharibi. Waliposhauriwa wazibadilishane, na nipeli zote mbili za kila kalipa, ya ndani na ya nje, zikafunguliwa kwa zamu, pedali ikasimama imara. Atakayekabidhiwa gari lenye breki hizi aangalie nipeli kwanza kabla ya kuwasha.

Nilirudi Kigamboni na jiwe, chaki na kijana yuleyule. Niliazima rimu za 17 zenye matairi ya aina na upana uleule kwa ajili ya majaribio ya kwanza ya breki za kiwandani, hivyo hapa tairi si kisingizio. Kusimama kwa mara ya kwanza hakukuwa na tofauti niliyoweza kuiona kwenye chaki. Narudia, kwa sababu najua kuna watakaokasirika: katika kusimama mara moja kutoka kilomita 80, breki za gharama yote hiyo zilisimama palepale zile za kiwandani zilipokuwa zimesimama. Tofauti ilikuwa mguuni, ambako breki zilishika mapema zaidi na pedali ilikuwa rahisi kuipimia nguvu, na ilikuwa katika mara ya saba, ya nane na ya kumi, ambazo zilifanana na ya kwanza. ABS iliingia kila mara. Harufu ilikuwepo, lakini ndogo.

Jaribio la kweli lilikuja tulipokwenda Iringa kwa gari lililojaa. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko wa Kitonga, tulikuwa nyuma ya malori yanayoshuka kwa mwendo wa konokono, kona baada ya kona, na ukuta wa mlima upande mmoja. Kanuni hapo haibadiliki kwa aina yoyote ya breki: unashuka kwa gia ndogo, injini ndiyo inayoshika gari, na breki unaikanyaga kwa vipindi. Nilifanya hivyo. Lakini safari iliyotangulia hiyo, kwa breki za kiwandani na mzigo kama huo, nilifika chini nikiwa na pedali ngumu isiyo na majibu na nikalazimika kuegesha hadi zipoe. Safari hii sikuegesha.

Mjini, kwa upande mwingine, Brembo zina usumbufu wake. Asubuhi, pedi zikiwa baridi, hulia kwa sauti inayowafanya watu wa kituo cha daladala wageuke. Nilizifungia kwanza pedi za michezo, nikazitoa baada ya wiki tatu, kwani pedi za aina hiyo zinataka joto ndipo zishike, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo haizipi joto hilo. Bodaboda akikukatiza kwenye taa za kwanza asubuhi, pedi ya kawaida ni bora kuliko ya mashindano. Vumbi jeusi kwenye rimu ni la kila juma. Kinachofurahisha ni kubadilisha pedi: unagonga pini mbili, unachomoa pedi kwa juu, unaingiza mpya, kalipa haifunguliwi.

Nyuma nimeacha za kiwandani. Seti ya nyuma ya STI inataka mabadiliko mpaka kwenye handibreki, kwa sababu drumu yake ndani ya diski ni kubwa zaidi, na kwa kuwa gari linapofunga breki uzito hukimbilia mbele, sikuona faida inayolingana na kazi hiyo. Ninajua mizani ya mbele na nyuma imesogea kidogo mbele. Katika lami yenye maji nimeona ABS ya mbele ikiingia mapema kuliko zamani, na mvua ikinyesha ninaongeza nafasi kati yangu na wa mbele.

Jirani yangu mwenye Forester kama hii, isiyo na turbo, aliniomba nimtafutie seti. Nilimwomba kwanza anipe nafasi ya kutazama matairi yake. Yalikuwa magumu kama ukwaju mkavu, yenye nyufa ubavuni, na mafuta yake ya breki yalikuwa meusi. Alinunua matairi manne na DOT 4, akasafishiwa pini, na hadi leo hajaniuliza tena kuhusu Brembo.