Seti ya kabureta ya madukani Malindi: nunua kwa ajili ya mipira, jeti ziache kwenye pakiti

Ukiingia duka la spea za pikipiki Malindi mjini ukasema chombo kinakohoa, kinamisi na kuzima kikisimama, kuna uwezekano mkubwa utawekewa juu ya meza kipakiti cha plastiki: seti ya kukarabati kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Bei ni shilingi mia chache. Ndani huwa mna jeti kubwa na jeti ndogo (vipande vya shaba vyenye tundu la kupitisha petroli), sindano ndefu na klipu yake, sindano ya boya (inayofunga njia ya petroli bakuli likijaa), skrubu ya mchanganyiko pamoja na springi, washa na oringi yake, na gasketi ya bakuli la petroli lililo chini ya kabureta. Zipo za pikipiki karibu zote za bodaboda, kuanzia 100cc hadi 150cc.

Sindano ya boya na mipira peke yake inatosha kuhalalisha bei yote. Jeti, sindano ndefu na skrubu ndivyo vitu vinavyofanya pikipiki itoke kwa fundi ikiwa mbaya kuliko ilivyoingia.

Lakini kwanza hakikisha kwamba kabureta ndiyo yenye kosa. Seti nyingi hununuliwa bure. Fungua plagi uitazame. Rangi ya kahawia iliyopauka ni afya. Masizi meusi makavu ni mafuta kuzidi, weupe wa kuungua ni mafuta kupungua au hewa kupenya, na plagi iliyolowa petroli ni moto hafifu au kabureta inayofurika. Nafasi kati ya ncha za plagi iwe kati ya milimita 0.6 na 0.7 kwa nyingi ya injini hizi, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Kisha kinga chupa safi ya kioo chini ya bakuli, legeza skrubu ya kumwagia, utazame kilichotoka. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini yakiwa na mstari unaoonekana wazi. Msimu wa masika, na kwa petroli ya kuuzwa kwenye chupa kando ya njia, hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo hufanya injini iwe ngumu kuwaka asubuhi na kugonga ikipanda mlima, na hakuna seti ya kutibu hilo. Mwaga, jaza safi.

Pikipiki inayokwenda vizuri kilomita kadhaa kisha ikafa, ikapumzika, ikawaka tena, ifungue kifuniko cha tangi mara tu inapozima. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Sindano ya kushonea na maji ya sabuni vinamaliza kazi hiyo.

Choki nayo inakupa jibu bila gharama. Injini ikiwa imeshapata moto na inanguruma bila kupigwa resi, vuta choki nusu. Ikitulia, ilikuwa na njaa ya mafuta: jeti ndogo imeziba au hewa inapenya mahali. Ikizidi kukohoa na kutoa moshi mweusi, mafuta yamezidi: sindano ya boya haifungi, choki haikurudi mwisho, au kichujio cha hewa kimejaa vumbi la njia za ndani. Hewa inayopenya inatafutwa kwa maji ya sabuni. Nyunyiza kidogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na kichwa cha silinda. Mlio ukibadilika, mpira umepasuka au boliti zake zimelegea. Na tazama kosa linatokea mkono wa resi ukiwa wapi. Kuanzia kufungwa hadi robo, mwenye kazi ni jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko. Kati ya robo na robo tatu ni sindano ndefu. Kuanzia hapo hadi mwisho ni jeti kubwa. Chombo kinachokwenda safi barabara ya Mombasa lakini kinazima kwenye msongamano wa stendi hakina haja ya kubadilishwa jeti kubwa, hata fundi akiapa.

Valvu zilizobanwa mno huleta dalili ile ile: injini inawaka vizuri baridi, ikipata moto inakataa kutulia. Kwa injini za aina ya CG125 ya Honda nafasi ya valvu ni milimita 0.08, ikipimwa injini ikiwa baridi. Pima hilo kabla ya kugusa kabureta.

Ikiwa dalili zote zimeelekea kwenye kabureta, fungua. Mwambao wetu una adui wa peke yake. Kwa wanaofanya kazi Gongoni na Ngomeni kwenye mashamba ya chumvi, na hata pikipiki zinazolala wazi karibu na bahari, bakuli huwa na unga mweupe chini na jeti za shaba zimeota kijani. Unga huo ni mwili wa kabureta wenyewe ukiliwa na maji, na ndio unaoziba jeti ndogo. Tundu lake ni kama milimita 0.38 hadi 0.40 kwenye kabureta nyingi za aina hii, kwa hiyo chembe usiyoiona inatosha kuzima injini. Lisafishe kwa uzi wa nailoni wa mshipi, wa milimita 0.30, kisha upepo wa kompresa kwa fundi wa pancha. Usitumie waya wa chuma hata mara moja, maana shaba ni laini na tundu likipanuka halirudi. Ondoa boya kabla ya kupuliza, na kama kabureta ina mpira mwembamba wa kiwambo juu, utoe nao, kwani upepo wa kompresa unaweza kuupasua.

Sindano ya boya ndiyo inayochakaa kweli. Tazama ncha yake ya mpira juani: ikiwa na mfereji wa duara uliojikata, haifungi tena, na petroli itamwagika kwenye mpira wa kutolea petroli iliyozidi au kuingia kwenye oili. Hapa sindano ya seti ni msaada mkubwa. Ijaribu kabla ya kufunga: geuza kabureta juu chini ili boya lilalie sindano, puliza kwa mdomo kwenye njia ya mafuta. Pumzi isipite. Ikipita, safisha kiti chake kwanza, maana sindano mpya kwenye kiti kichafu itavuja vile vile.

Oringi ndogo ya skrubu ya mchanganyiko nayo ni ya kubadilishwa bila kufikiri. Ikikauka, hewa inapita na mlio wa injini unapanda na kushuka wenyewe. Mpangilio ni springi, washa, kisha oringi kwenye ncha. Mafundi wengi huisahau washa, springi ikaikata oringi ndani ya wiki. Gasketi ya bakuli ubora wake haulingani kati ya pakiti na pakiti. Iloweke kwenye petroli usiku kucha, na ikivimba ikakataa kurudi kwenye mfereji wake, hiyo si ya kufungwa.

Jeti za seti ni habari nyingine. Namba iliyogongwa juu yake haina maana moja kwa kila mtengenezaji. Keihin huhesabu kwa upana wa tundu, ilhali jeti kubwa za Mikuni za pembe sita huhesabiwa kwa kiasi cha mafuta yanayopita. Jeti mbili zenye namba moja zaweza kutoa mafuta tofauti. Sindano ndefu ya seti ikiwa imechongwa nyembamba au nene kidogo, kati ya robo na robo tatu pikipiki itakula mafuta au itakosa nguvu, na hakuna skrubu ya kulirekebisha hilo. Zako za asili, zikisafishwa vizuri, ni bora kuliko hizi mpya. Skrubu ya mchanganyiko vivyo hivyo: hamisha oringi tu.

Kabla ya kuitoa skrubu hiyo ya zamani, ifunge taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse, uandike namba. Usikaze, ncha itaharibu kiti. Ukirudisha, anza na hesabu yako, au mzunguko mmoja na nusu hadi miwili ukiwa huna. Pasha injini moto, izungushe kidogo kidogo mpaka mlio upande juu kabisa, kisha ushushe kwa skrubu ya resi hadi kama 1,400 kwa dakika.

Dukani usitaje jina la pikipiki pekee, kwani modeli moja hutoka na kabureta tofauti mwaka kwa mwaka. Beba sindano ya boya na gasketi ya zamani, uzilinganishe na za pakiti kabla ya kulipa. Muuzaji asiyekubali kuifungua, nenda duka la pili.