I, Robot cha Isaac Asimov: anzia kwa Cutie

Nafundisha hisabati, na kitabu hiki cha mwaka 1950 huwa nawapa wanafunzi wanaodhani kuwa hoja ikishapangika vizuri, basi ni kweli. Kina hadithi fupi tisa zinazozunguka sheria tatu za maroboti: asimdhuru binadamu wala kumwacha adhurike, atii amri za binadamu, isipokuwa zikigongana na sheria ya kwanza, ajilinde, mradi asivunje hizo mbili.

Asimov hakutuletea maroboti wanaoasi na kuua. Wake wanatii, na balaa linazaliwa humo humo kwenye utii. Roboti Speedy, aliyetumwa kuchota madini ya seleni kwenye sayari ya Utaridi, anabaki kulizunguka dimbwi: amri ilitolewa juujuu, bila mkazo, kwa hiyo inamsukuma mbele kwa nguvu ile ile ambayo hatari inamrudisha nyuma. Powell na Donovan, wajaribu maroboti ambao bila seleni wataungua, wanalazimika kutafuta njia ndani ya sheria zenyewe. Raha ya kusoma iko hapo, kuwaona wakifikiri huku muda ukiwaishia.

Lakini hadithi ninayoipenda kuliko zote ni "Reason". Cutie, roboti wa kituo cha angani, anakataa katakata kwamba ameundwa na watu. Kiumbe hawezi kuunda kilicho bora kuliko yeye, anasema, na hawa ni laini, tena hulala! Powell na Donovan wanaunganisha roboti mwingine mbele ya macho yake. Anajibu kwamba wameunga tu vipande vilivyokuwepo tayari. Huwaomba wanafunzi wanionyeshe hatua iliyoharibika. Wanahangaika katikati ya hoja, ilhali kosa limekaa kwenye ile kauli ya kwanza kabisa, ambayo Cutie hakuipima. Na bado anaiendesha mitambo kwa usahihi kuliko binadamu yeyote! Sijasoma maelezo bora ya tofauti kati ya kufanya kazi vizuri na kuujua ukweli.

Udhaifu upo. Powell na Donovan wanagombana kwa mtindo mmoja kila mara, na Susan Calvin, mwanasaikolojia wa maroboti, alistahili zaidi ya kuvunjwa moyo katika "Liar!". Hadithi ya mwisho, kuhusu mashine zinazoongoza uchumi wa dunia, ni mazungumzo ya ofisini moja baada ya jingine. Isome hata hivyo, kwa utulivu: mashine zile zinawaamulia watu mambo bila kuwaambia sababu, na Calvin anaona ni sawa. Mimi sikubaliani naye hata kidogo.